Kijumba cha Mzimu cha Kubeba Mfukoni

Jirani yangu alisimama mlangoni kwangu na kisanduku mikononi. Aliniambia kwamba kila mtu katika kikundi chao ameshatia kitu chake humo, imebaki nafasi moja tu, na nafasi hiyo wamenitunzia mimi. Nilipaswa kumjibu, "Asante, jirani, lakini mimi sina cha kutia." Ingetosha. Angeingia, tungekunywa kahawa, angekwenda zake. Badala yake niliingia chumbani, nikakitoa kibangwa cha babu kwenye kijumba chake juu ya kabati, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye mkubwa wa ukoo mzima.

Habari hii watu wetu hapa Stockholm wameisikia vipande vipande, na kila mmoja ameiunga anavyojua. Wapo wanaosema nilirogwa na mama wa Kiswidi. Sikurogwa. Nilikuwa na akili zangu zote, na kahawa ilikuwa inachemka jikoni.

Kibangwa ni kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini, kinakaa vizuri katikati ya kiganja, kimetobolewa ili kipitishwe uzi. Vibangwa vilifika kwetu Unyamwezi zamani, pamoja na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka pwani, na wazee wakavifanya vitu vya mababu. Katika ukoo wetu kilikuwapo kimoja kilichokuwa na uzito kuliko vingine. Alikivaa babu, aliyemzaa baba yangu, na mimi ndiye niliyepewa jina la babu huyo.

Kwetu mzimu hujengewa kibanda nje ya nyumba, kidogo, cha nyasi, kinamfika mtu mzima magotini. Siku ya kutambika kibangwa huwekwa ndani ya kibanda, unga wa mtama uliokorogwa kwa maji humwagwa mlangoni, watu husema yaliyowaleta. Wakishamaliza, mwenye kukitunza hukiokota kibangwa, hukifuta kwa kiganja, hukivaa tena. Wakati kimo kibandani ni cha babu. Kikitoka ni chetu. Hakilali nje. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hayo. Niliyaona tu, kama nilivyoona kwamba ugali haugeuzwi kwa kijiko cha chai.

Nilipochaguliwa kuja Sweden kusomea useremala wa mashine, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akikitunza. Aliniita uani akanivalisha.

"Kibanda hakipandi ndege," alisema. "Hiki kinapanda. Babu yako akusindikize huko uendako. Na wewe ukija kupata mtoto, au mjukuu, wa kulipokea jina lako, mvalishe hiki siku hiyo hiyo anayopewa. Pasipo hiki, jina halipiti."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia, au unaniitikia tu kwa sababu basi linaondoka?"

Nilicheka, naye akacheka. Basi lilikuwa kweli linaondoka.

Sikurudi kama nilivyotarajiwa. Nilipata kazi ya kutengeneza samani, baadaye nikawa mtunza majengo wa shule, nikaoa Mtanzania mwenzangu, tukapata binti mmoja. Kibangwa kilikaa miaka yote hiyo kwenye droo ya soksi, kimefungwa kwenye leso. Mimi nilibatizwa Tabora nikiwa mchanga na nilikwenda kanisani sikukuu kwa sikukuu. Sikukitambikia kibangwa wala sikukitupa. Nilikuwa nacho, basi.

Mke wangu alipofariki, binti yetu akiwa bado chuoni, nyumba ikawa kubwa. Nilihamia Hagsätra, kwenye jengo ambalo chini kabisa lina chumba cha useremala cha wapangaji: meza nzito yenye jiriwa, misumeno, randa, na harufu ya mbao inayonipoza moyo mpaka leo. Nilishuka huko siku moja nikaamua kibangwa kipate nyumba. Si droo, nyumba. Nilichonga kisanduku cha mbao ya mti mweupe wa huku, björk, cha kuingia kwenye mfuko wa koti. Kifuniko chake kinafunguka kwa bawaba ndogo za shaba, na ukikifungua unakuta ndani paa la msonge, na chini ya paa mahali pa kibangwa.

Paa lilinishinda kwa kukosa nyasi. Krismasi ilikuwa imekwisha, na Waswidi walikuwa wakitupa mapambo yao, pamoja na wale mbuzi wa mabua makavu wanaowasimamisha karibu na mti. Nilimkuta mmoja kwenye chumba cha takataka, nikashuka naye chini, nikaanza kumnyonyoa. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mama mmoja mwenye mvi fupi na miwani inayoning'inia shingoni.

"Unamchinja mbuzi wa Krismasi?" aliuliza kwa Kiswidi.

"Nataka manyoya tu," nilimjibu. "Nyama chukua wewe."

Alicheka mpaka akaketi. Ndivyo nilivyompata jirani yangu. Alikuwa amestaafu kazi ya kutengeneza meno ya bandia, na mikono yake ilijua vitu vidogo kuliko yangu. Alipoona ninachokifanya alipanda kwake, akarudi na kopo la bati la peremende. Ndani ya kopo alikuwa amejenga madhabahu: kipande cha kioo kilichokuwa ziwa, ubani wa misonobari, na sanamu ya mwanamke mdogo kama punje ya karanga, aliyeichonga kwa plasta ileile ya meno. Alikuwa mfuasi wa dini ya kale ya huku, ile iliyokuwapo kabla ya kanisa. Yule mwanamke alikuwa Freja, mungu wao wa mapenzi. Makopo mengine yalikuwa na Tor, mwenye radi na nyundo. Alikuwa na kikundi kidogo cha wenzake, wengi wao wastaafu, waliokutana ziwani au msituni kwa sherehe yao ya sadaka waiitayo blot.

"Unakwenda na miungu yako kwenye mfuko?" nilimuuliza.

"Ndiyo. Treni ya mjini haina mahali pa hekalu. Na wewe humo unamweka nani?"

"Babu yangu."

"Ni mungu?"

"Hapana. Ni babu tu. Lakini ana masikio."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri, na nadhani alielewa. Siku nyingine alinikaribisha kinywaji chao cha asali, mjöd. Nilipokigusa kwa ulimi niliona uso wa mjomba wangu. Ilikuwa wanzuki! Pombe ya asali ya kwetu Tabora, imepoa kidogo na imevaa koti. Nilimweleza kwamba kwetu nyuki ni wengi, na kwamba wazee wakitambika huweka na wanzuki. Tulikaa pale chini kwenye vumbi la mbao, wazee wawili, tukishangaa jinsi watu wasiojuana wanavyofikia kwenye mzinga mmoja.

Naona hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa palikuwa pazuri. Tulipoona kwamba asali ni moja, tulidhani na mengine ni mamoja.

Tukawa tunafanya kazi pamoja. Mimi nilimfundisha kutia bawaba ili kifuniko kisilie, yeye akanifundisha kuchonga kwa sindano. Wenzake wa kikundi waliona vijumba vyangu wakavitaka. Mmoja alitaka nyundo ya Tor ining'inie mahali ambapo kwetu huning'inia kibuyu. Mwingine, ambaye mama yake alitoka Finland, alitaka jino la dubu lilale juu ya mtama. Mtu akataka Freja akae chini ya paa la msonge, nami nikamjengea, nikamwezekea kwa mabua ya mbuzi, nikamwagia unga wa mtama nilioununua Akalla kwenye duka la Msomali. Nilijiambia kwamba vitu hivi vinakubaliana. Vilipendeza machoni, na mimi nilikuwa na muda mrefu sijatengeneza kitu ambacho mtu anakishika kwa vidole viwili na kunyamaza. Wakati wa vuli tulikuwa na meza sokoni. Watu walisimama. Waliniuliza maana ya hiki na kile, nami nikawaeleza, na kila nikieleza sauti yangu ilizidi kuwa ya mzee wa mila, mimi niliyeondoka kwetu kijana wa kukimbilia basi.

Wa kwanza kunicheka alikuwa mtani wangu. Yeye ni Mzaramo, Mwislamu, anakaa Akalla, tulikuja huku miaka ileile. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kwamba Mzaramo na Mnyamwezi wana ruhusa ya kuambiana lolote.

"Mnyamwezi ni Mnyamwezi tu," alisema alipopita kwenye meza yetu. "Babu zako walibeba pembe za watu mpaka pwani. Wewe umefika mpaka Ulaya, bado unabeba! Safari hii mizimu, tena kwenye kopo la peremende."

"Na nyie mlikuwa mmekaa tu pwani mnasubiri mizigo ifike mle."

"Tuliwapokea! Pasipo sisi mngeoga lini?" Alichukua kijumba cha Freja, akakigeuzageuza. "Huyu mama yuko uchi kwenye nyumba ya bibi yako. Bibi yako anajua?"

Jirani yangu aliniuliza mzee huyo anasema nini. Nilimwambia anasifu bawaba.

Binti yangu hakucheka. Wakati huo alikuwa ameshaanza kazi, mfamasia, anakaa Sundbyberg, na Jumapili baada ya kanisa alikuja kula kwangu. Nilikuwa nikiongea naye Kiswahili, naye ananijibu Kiswidi, ndivyo tulivyozoea tangu alipoanza shule. Jumapili moja aliingia chumbani kutafuta shuka, akakaa huko. Nilimkuta amesimama mbele ya kabati, kile kijumba cha kwanza kimefunguliwa, kibangwa kiko kwenye kiganja chake.

"Baba, hiki siku moja nitapewa mimi?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswidi.

Nikamjibu jambo ambalo ningetoa mengi nilirudishe kinywani. Nilimwambia, "Wewe utakifanyia nini? Hata kumsalimu dada yangu, shangazi yako, kwenye simu unaogopa. Na kanisani kwenu watasemaje?"

"Siyo kukiabudu. Ni kujua tu."

"Kujua kunaanza na lugha, mama."

Alikirudisha kibangwa, akashusha kifuniko polepole, akasema, "Okej." Tukaenda kula. Wali ulikuwa umeshika chini kidogo, tukazungumzia hilo.

Sikuona kwamba nimemfukuza mlangoni. Niliona nimelinda kitu. Na baridi ile haikuisha kabla jirani yangu hajasimama pale mlangoni na kile kisanduku cha wote.

Nakieleza kisanduku kwa sababu nilikitengeneza mimi. Walikuwa wameniomba kijumba kimoja kikubwa kidogo, chenye vyumba kama mzinga wa kisasa, kila mtu atie kitu chake, na kipelekwe ziwani jioni ya Valborg, mwisho wa Aprili, siku ambayo Waswidi huwasha moto mkubwa kuiaga baridi. Niliweka ndani yake kila nilichokijua. Vyumba vilikuwa vya mbao ya björk, paa la msonge, alama za kale za huku zimechomwa kwa chuma cha moto kuzunguka ukingo, na bawaba zangu za shaba.

"Una hakika?" jirani aliniuliza alipoona ninachompa. Aliwahi kunisikia nikikisimulia kibangwa. "Ukumbuke, kilichomo humu ni cha miungu."

"Na kwetu kilichomo kibandani ni cha babu," nilimjibu.

Aliguswa. Aliniwekea mkono begani. Mimi nilikuwa nimesema kweli, na yeye alikuwa amesema kweli, na hakuna kati yetu aliyeuliza swali dogo kuliko yote: halafu? Kikishawekwa, halafu kinakuwaje? Miezi yote ile tulipimiana mbao na kuonjeshana asali, tukaulizana juu ya miungu, majira, radi na mavuno, lakini hatukuulizana namna kila mmoja anavyomaliza ibada yake. Seremala hajengi mlango bila kuuliza unafungukia wapi. Mimi nilijenga.

Na sababu ya kukitoa naijua, haikuwa ibada. Watu wale walikuwa wameniita, wamenitunzia nafasi, wamenitazama kama mtu mwenye hazina. Binti yangu alikuwa ameniomba kwa lugha niliyoiona ndogo. Wao pia waliniomba kwa Kiswidi, na kwao sikuona ubaya wake.

Jioni ya Valborg kulikuwa bado na mwanga, mwanga ule wa huku wa kijivu usioamua kuondoka. Tulikuwa ufukweni mwa ziwa Magelungen, mahali panaporuhusiwa moto. Kisanduku kilikuwa juu ya jiwe, kimefunguliwa. Walizunguka, wakapitisha pembe yenye mjöd, kila mtu akasema neno. Nilipofikiwa nilimtaja babu kwa jina, ambalo ni jina langu, nikamwagia unga kidogo. Nilijisikia niko uani kwa shangazi. Nilikuwa tayari nimeshasogeza mguu mmoja mbele, kwa sababu kwetu kinachofuata baada ya maneno ni kuokota.

Jirani yangu alifunga kifuniko. Alikinyanyua kisanduku kwa mikono miwili, kwa heshima, akaanza kuelekea motoni.

Nilielewa hapo hapo. Nataka hili liwe wazi. Sikuchelewa kuelewa, na Kiswidi cha kusema "subiri" ninacho. Palikuwa na nafasi ya kusema hivyo mara nyingi. Lakini aliyesimama karibu nami alikuwa mzee mmoja, mjane kama mimi, ambaye kwenye chumba chake cha kisanduku alikuwa ametia pete ya ndoa ya marehemu mkewe. Alikuwa akitazama kisanduku kinavyokwenda, ametulia, machozi yanashuka, hayafuti. Alijua tangu mwanzo kwamba pete hairudi. Mimi ningewezaje kukimbilia changu mbele yake? Ningeonekana mtu aliyekuja na sadaka ya kuazima. Niliona aibu, nikanyamaza, na paa la mabua likashika moto kwanza, kama paa lolote la nyasi.

Asubuhi nilirudi na chekecheke la jikoni. Majivu yalikuwa bado na joto kwa ndani. Nilizipata bawaba zangu, zimekuwa nyeusi. Niliipata na pete, imepinda, nikaiacha pale pale, haikuwa yangu kuiokota. Mahali palipokuwa na chumba cha babu nilikuta vipande vyeupe. Nilipovishika vilivunjika vikawa unga. Kombe likiungua huwa chokaa, mtu yeyote aliyejenga pwani anajua. Nilisimama na unga huo kwenye kiganja, na upepo wa ziwani hauna subira.

Nilimwambia jirani wiki iliyofuata. Alikaa kwenye ngazi za jengo akajishika kichwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Mbele yetu? Tungekifungua! Tungekitoa, tungecheka, tungekunywa!"

Nafikiri ni kweli. Wangekifungua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hapakuwa na mtu mbaya pale. Wapo watu wetu wanaosema nimeadhibiwa kwa kuchanganya mizimu na miungu ya Wazungu. Mimi sioni hivyo. Babu alikunywa mjöd, naamini hakukasirika. Nilichanganya vitu na nikaacha masharti yake kila moja upande wake, na vitu haviendi bila masharti.

Binti yangu sikumwambia. Nilikifunga kile kijumba cha kwanza kikiwa kitupu na kukirudisha juu ya kabati. Akija Jumapili, nilikuwa wa kwanza kwenda kuchukua shuka.

Kisha alipata mchumba, wakaoana, akapata mimba. Sikujua kwamba alikuwa akimpigia simu dada yangu. Shangazi yangu alikuwa ameshafariki, na dada ndiye aliyebaki mkubwa wa mambo ya nyumbani. Dada baadaye aliniambia kwamba mtoto huyo alikuwa akimpigia kila alipotoka kazini, akiuliza: babu alikuwa mtu wa namna gani, kibanda kilikuwa upande gani wa nyumba, siku ya kumpa mtoto jina watu wanasema nini. Alikuwa akiandaa mambo bila kunishirikisha ili anishangaze.

Alikuja asubuhi, siku ya kazi, si Jumapili, tumbo limeshuka, karibu kujifungua. Nilifungua mlango. Alisimama wima kama mtoto wa shule anayesoma mbele ya darasa, akasema, "Mwangaluka, baba."

Ni salamu ya asubuhi ya kwetu. Sikuwahi kumfundisha. Mama yake hakuwa Mnyamwezi, na mimi lugha nilikuwa nimeitumia kama fimbo, si kama salamu. Alisema tena, akidhani amekosea, na safari hii akaendelea kwa Kiswahili, polepole, kila neno akiliweka chini kama yai:

"Baba, ni mvulana. Tunataka apewe jina lako. Shangazi amesema ni lazima na kibangwa. Nimekuja kukiomba. Sasa naomba kwa lugha."

Sitasimulia nilivyomwambia. Nilimwambia yote, nimekaa kwenye kiti cha jikoni, yeye amesimama. Nilipofika kwenye moto alinyanyua mkono kunizuia, akaenda chumbani, nikasikia kifuniko kikifunguka. Niliitengeneza vizuri bawaba ile, hailii, lakini niliisikia. Aliporudi aliniuliza jambo moja, na aliuliza kwa Kiswidi.

"Mimi niliomba. Wao uliwapa. Kwa nini?"

Nilimwambia kwamba sikuwa na sababu nzuri. Alichukua koti lake.

Jirani yangu aliposikia alikuja na pendekezo. Alikuwa bado na tanuri lake dogo na kaure ya meno. Angeweza kukifanya kingine, alisema, cheupe vilevile, chenye uzito uleule, mtu asitambue. Alikuwa anataka kusaidia, na mikono yake ingeweza. Hilo nililikataa, na yeye hakusisitiza. Nilishangaa jinsi neno hapana lilivyo jepesi likishatoka.

Nilimpigia dada. Nilimsimulia yote.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sikulaumu, kukulaumu kutakirudisha? Lakini jina siwezi kulipitisha. Si kwamba nakataa. Halipiti. Wewe mwenyewe ulisikia shangazi alivyosema."

"Nilisikia."

"Basi."

Nilikwenda Akalla kwa mtani wangu, nikiwa nimejitayarisha kutukanwa. Kwa mila yetu ilikuwa haki yake, na nadhani nilikuwa nikiitafuta ile kejeli kama dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai.

"Leo sikutanii," alisema. "Kunywa."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa hasara yangu.

Mtoto alizaliwa salama. Ana jina zuri, la upande wa baba yake, na ananipenda, nami nampenda. Anakuja na mama yake Jumapili. Nimemchongea gari moshi na kitanda cha mdoli. Vijumba niliacha kutengeneza. Jirani anaendelea na makopo yake, wakati mwingine huniletea bawaba nimsaidie, nami humsaidia. Kile kijumba cha kwanza kipo juu ya kabati na hakina kitu ndani. Mtoto amekwisha kukifungua mara kadhaa akitafuta peremende.

Binti yangu hakunigombeza tena. Ananiletea dawa zangu za presha, anapima mguu wangu kama umevimba, ananiuliza kama nimekula. Tunaongea Kiswidi, yeye na mimi, kwa sababu nikianza Kiswahili anasubiri tu nimalize. Dada ameniambia kwamba simu zake zimekoma.

Basi gharama yake ni hii. Jina la babu linaishia kwangu. Na mtoto wangu, aliyejifunza peke yake njia ya kurudi kwetu na kunijia nayo mpaka mlangoni, hajaniuliza tena hata neno moja la huko.